Vidole Chini ya Kitambaa

SEHEMU YA TISA

Haya wasomaji wangu, tulieni. Najua wiki nzima mmekuwa mkigombana. Wako walionitumia salamu kwa kondakta wa basi la Kibondo kwamba nisipomwokoa Valeria hawanunui tena gazeti hili. Na wako wanaume, majina yao ninayo, waliotaka nimpe Longinus mundu mkali zaidi.

Tulimwacha mlangoni mwa ghala la zamani la kahawa, Kasulu mjini. Mlango wenyewe ameshaupiga teke na umelala chini. Mundu uko mkononi. Mbele yake wanawake wamekaa safu, kila mmoja amefungwa kitambaa cheusi shingoni, kikaangushwa hadi juu ya meza kufunika mikono. Na mkewe Valeria ameinamiwa kwa nyuma na Mwalimu Abdulrahmani, mtu wa pwani, mikono yao wote wawili imezama chini ya kitambaa kimoja!

"Leo ndiyo leo!" alinguruma Longinus.

Mnajua Valeria alifanya nini? Hakugeuka. Chini ya kitambaa kulisikika taka, taka, taka, kisha kengele ndogo ikalia. Hapo ndipo alipoinua kichwa.

"Baba Tharsisi," alisema, "ungesubiri nimalize mstari."

"Mstari gani? Mikono ya huyu inatafuta nini humo?"

Mwalimu Abdulrahmani alikuwa amesharuka hadi nyuma ya ubao. Serikali ilipomhamishia Kasulu alionywa juu ya baridi na matope. Juu ya waume hakuonywa.

"Bwana wee, subiri!" alipiga kelele kutoka huko nyuma. "Hii ni taipu! Mashine ya kupiga chapa! Tunafunika ili wasitazame herufi, vidole vizoee njia yake. Nilikuwa namweka kidole mahali pake tu, wallahi!"

"Kidole! Mnamsikia? Amekiri!"

Valeria alifungua kitambaa shingoni, taratibu. Longinus akaona mashine nyeusi, karatasi imetoka juu, na mikono ya mkewe imetulia pembeni. Hakuna kingine. Lakini mwanamume aliyetembea kutoka shambani kule Kitanga na mundu hawezi kurudi hivi hivi.

"Na hivyo vidole vyako vinavyocheza mgongoni kwangu ukiwa umelala? Tangu mwezi uliopita! Nikasema huyu ananihesabia mbavu, au kuna dawa ananipaka."

Wanawake wakaangua kicheko. Hata Rosa, mwanamke mwenye haya kuliko wote pale, alicheka hadi akashika meza. Kumbe ni wote! Mmoja alipiga taipu kwenye ungo, mwingine kwenye mgongo wa mtoto, mwingine kanisani juu ya benchi wakati wa mahubiri.

"Baba Tharsisi, sema neno lolote," Valeria alisema na kujifunga tena kitambaa. "Nitaliandika bila kuona."

Longinus alifikiri. Kisha, kwa sauti ya mtu aliye mbele ya mahakama: "Mke wangu ananidanganya."

Taka taka taka. Valeria akachomoa karatasi na kumpa. Longinus alikuwa na cheti cha elimu ya watu wazima, na hakupata nafasi nyingi za kukitumia. Alisoma neno moja moja, midomo ikitangulia macho. Mke. Wangu. Ananidanganya. Akarudia. Uso wake ukabadilika, maana maneno yake mwenyewe hajawahi kuyaona yamepigwa chapa kama tangazo la serikali.

"Haya ni ya kwangu?"

"Ni ya kwako. Kibanda chetu cha chapa kikifunguliwa, ya namna hiyo utalipia."

Kicheko kikarudi mara mbili. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo balaa lilipozaliwa. Mwanamume akichekwa na wanawake hutafuta pa kupeleka aibu yake. Longinus aligeuka huku na huku, akaona karatasi kwenye mashine ya jirani, akaichomoa.

"Na huyu je? Tusome na ya huyu!"

Alisoma. Akakwama. Akaigeuza juu chini. Akakwama tena.

Karatasi ile ilikuwa imeandikwa hivi: ;q;q qnquwq kqhqzq.

"Hiki si Kiswahili," alisema Longinus polepole. "Kiha si Kiha. Hata Kirundi chao si hiki. Hii ni lugha gani, Epifania?"

Mwenye mashine ile alikuwa mwanamke mwembamba, mkimbizi kutoka Burundi. Alichaguliwa na wanawake wenzake wa Kumsenga, kule Kibondo, aje kujifunza kwa niaba yao, na kwa kuwa Kumsenga ni mbali alikuwa akilala kwenye chumba cha jikoni nyumbani kwa Valeria na huyo huyo Longinus. Mgeni mwema. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe alilishika kabla hajapewa.

Epifania aliinamia mashine yake. Uso wake ulipauka kama aliyemwagiwa unga.

"Amekosea tu," Valeria aliwahi kusema. "Mwalimu alitusomea 'mama anauza kahawa'. Kitambaa tumeanza wiki hii. Sote tunakosea."

"Mimi nitamwonyesha mtu anayejua makosa," Longinus alisema. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akabeba mundu wake, akatoka juu ya mlango wake mwenyewe aliouvunja.

Wanawake walicheka wakimsindikiza kwa macho. Valeria hakucheka. Mashine zile zilikuwa za kuazimwa kutoka Kigoma. Kikundi kikimaliza mafunzo bila doa, zinabaki ziwe zao, na kibanda chao cha chapa kinafunguliwa mbele ya mahakama, pale watu wanapozunguka asubuhi wakitafuta mtu wa kuwaandikia maombi. Doa likionekana, zinapakiwa kwenye lori siku hiyo hiyo. Yeye ndiye mwenyekiti. Kabla ya darasa hili, Valeria alikuwa mtu wa kuuza maharage yake huku ametazama ukutani, na mnunuzi akiuliza bei hujibu, "Utakachonipa." Sasa alikuwa amejifunza kutazama mtu usoni, kutaja bei, na kunyamaza. Hakuwa tayari kurudi ukutani.

Darasa lilipotawanyika, Mwalimu Abdulrahmani alimvuta kando.

"Mama Tharsisi, mimi nina jambo. Sikutaka kulisema mbele za watu."

"Sema, Mwalimu."

"Umesema sote tunakosea. Kweli. Lakini mwanafunzi anayeanza hukosea ovyo, leo hapa, kesho pale. Huyu Epifania hukosea mahali pale pale, kila mara. Na mkono wake..." Alitazama mlangoni. "Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu."

"Maana yake nini?"

"Maana yake huyu hajifunzi. Huyu anajua. Sasa mtu anayejua anakuja kukaa na wasiojua, anajifanya hajui. Kwa nini?"

Valeria alikumbuka methali. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kinalala jikoni kwake.

Jumamosi nzima alimtazama. Epifania aliteka maji, Valeria akatazama. Epifania alimenya ndizi, Valeria akatazama vile vidole, vyepesi, vya haraka, vinavyojua njia. Mbona hakuwahi kuviona? Mbona mwanamke anayesema amelima maisha yake yote ana viganja vile?

Longinus naye alikuwa amenuna pembeni. Alipoulizwa karatasi iko wapi, alisema ameionyesha kwa mtu. Mtu gani? Mtu. Wapi? Kilabuni. Valeria akashika kichwa. Lililofika kilabu cha pombe limefika kila mahali.

Jumapili baada ya misa, Valeria aliingia jikoni ghafla. Epifania alikuwa amepiga magoti akifunga kibunda chake cha nguo.

"Unakwenda wapi?"

"Kumsenga, Mama Tharsisi."

"Kesho kuna darasa."

"Nimepata habari kwamba mama mwenzangu anaumwa."

"Habari imekuja na nani? Leo hakuna basi."

Valeria akaketi mlangoni, akauziba wote kwa mwili wake.

"Epifania, ninakuuliza kama ninavyomuuliza mdogo wangu. Wewe ni nani?"

Epifania alifungua kibunda. Akakifunga tena. Kisha akasema kwa sauti ndogo, bila kuinua macho:

"Mashini za kwetu si kama hizi. Zinatoka Ulaya ya Wafaransa. Herufi wamezipanga vingine. Pale kwenu palipo na q, kwetu ni a. Palipo na w, kwetu ni z, na palipo na nukta mkato, kwetu ni m. Nikitazama, ninaweza kujisahihisha. Mkinifunika, vidole vinarudi nyumbani."

"Kwa hiyo ulikuwa karani."

"Ego, ndiyo. Nilikuwa kwenye biro, ofisi mnayoita nyinyi. Bujumbura."

"Na kwetu ukasema mkulima."

"Mama Tharsisi, mwaka ule wa sabini na mbili walikuja ofisini wakasema wanaojua kusoma na kuandika watoke, kuna mkutano. Wakatoka. Mfagizi wetu alikuwa mgonjwa siku ile, nami nilikuwa nimeshika fagio lake nafagia baraza. Wakanitazama, wakapita. Wale waliotoka hatukuwaona tena. Fagio ndilo lililoniponya. Tangu hapo mtu akiniuliza ninajua nini, ninasema ninajua kulima."

Valeria alitaka kulia. Akajizuia, maana alikumbuka kwamba mtu aliyejifanya hajui taipu kwa wiki zote zile anaweza pia kujifanya mengine. Epifania alikuwa amesimulia yote bila chozi. Je, machozi yameisha, au hayakuwapo?

"Basi kwa nini ulikuja darasani?"

"Wanawake walisema kuna mashini. Nikasema nitaishika mara moja tu, nirudi." Epifania alitazama mikono yake. "Nikashindwa kuiacha. Na nyinyi mlikuwa mnanicheka vizuri. Tangu nilipovuka sijachekwa vizuri."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Rudisha nguo zako," Valeria alisema. "Kesho unakwenda darasani. Ukikimbia, umesema wewe mwenyewe kwamba una kosa."

Nawauliza nyinyi mnaosoma: alimwamini? Hata mimi sijui. Ninachojua ni kwamba Valeria alifunga mlango wa jikoni, na akaubana kwa nje.

Jumatatu asubuhi Landrova ilisimama mbele ya ghala. Akashuka Ndugu Stanislaus, Katibu wa Kata, suti ya Kaunda imenyooshwa pasi hadi inang'aa. Alikuwa mtu wa tabasamu jingi na maneno machache. Kasulu nzima ilimwogopa akitabasamu. Nyuma yake alikuja Longinus, ameinamisha kichwa kama ng'ombe aliyelishwa shamba la jirani.

"Wanawake wa maendeleo, hamjambo?"

"Hatujambo, Ndugu Katibu!"

"Nimeletewa hiki." Akainua ile karatasi. "Nimekaa nacho siku mbili. Nimemwonyesha hata padre. Sote tumeshindwa. Mpakani kwetu pale ni karibu, na kuna watu ng'ambo wangependa kujua wakimbizi wako wapi, ni wangapi, wanapanga nini. Watu hao hawaandiki kwa lugha ya kusomeka. Aliyeandika hiki asimame."

Epifania alisimama.

"Ni makosa, Ndugu Katibu," Valeria alisema, naye akasimama.

"Makosa yaliyopangwa vizuri hivi?"

"Ni ya mkono. Naomba nikuonyeshe."

Stanislaus alitabasamu. "Nionyeshe."

Valeria alikwenda kwenye ubao, akaugeuza upande wa nyuma ili Katibu asione. Epifania akafungwa kitambaa.

"Sema maneno yoyote, Ndugu Katibu. Ya kwako mwenyewe, ambayo hakuna aliyeyapanga."

Katibu alifikiri. "Kazi ni kazi."

Chini ya kitambaa vidole vya Epifania vilipita mara moja, kama mvua ya ghafla juu ya bati. Darasa zima likashtuka. Hawakuwahi kumsikia akiachia mkono namna ile. Wakati huo huo Valeria aliandika kwa chaki nyuma ya ubao. Kisha akaugeuza.

Ubaoni: kqwi ni kqwi.

Mwalimu Abdulrahmani akachomoa karatasi ya Epifania, akaiinua juu. Kqwi ni kqwi.

"Allahu akbar," Mwalimu alisema.

"Si siri, Ndugu Katibu," Valeria alisema, akihema kwa furaha. "Amefundishwa kwa mashine za Kifaransa, herufi zimepangwa tofauti. Kila akitaka a, kidole kinakwenda kwenye q yetu. Karatasi yako inasema 'mama anauza kahawa'. Hata Mwalimu hajawahi kuiona mashine ya namna hiyo, ndiyo maana tulidhani mengine."

Wanawake walipiga vigelegele. Longinus akapiga makofi kwa nguvu kuliko wote, maana hatia ilikuwa imemkaba tangu Jumamosi.

Stanislaus naye alipiga makofi. Polepole. Mara tatu.

"Vizuri sana, Mama Mwenyekiti. Umenisaidia kuliko nilivyotegemea. Kwa hiyo huyu alikuwa karani wa ofisi Burundi."

Longinus akashusha mikono.

"Maana alipoandikishwa Kibondo alisema ni mkulima, hajui kusoma. Nimeuliza. Sasa wewe, kwa chaki yako mwenyewe, umenithibitishia kwamba alidanganya." Tabasamu likapanuka. "Njia ya mwongo ni fupi. Mtu akiidanganya serikali mara moja, mimi nitajuaje amedanganya mara ngapi?"

Mawe, mama yangu! Valeria alitazama ubao kana kwamba umemuuma. Alikuwa amechimba shimo, akamsukumia rafiki yake humo, huku akipigiwa vigelegele.

"Alidanganya ili aishi, Ndugu Katibu. Kule waliosoma ndio waliotafutwa."

"Wote husema hivyo. Wa kweli na wa uongo. Ndiyo kazi yangu ilivyo ngumu." Akatazama zile mashine, moja baada ya nyingine. "Ninaweza kuzipakia hizi sasa hivi. Lori liko bomani. Au awepo mdhamini. Mtu wa hapa, mwenye nyumba na watoto. Akipatikana na kosa huyu, mashine zinaondoka, na mdhamini anajibu pamoja naye mbele ya sheria. Nani?"

Hakuna aliyesogea. Rosa alitazama miguu yake. Mwalimu Abdulrahmani alisafisha miwani ambayo haikuwa chafu. Yule mwalimu ni mtumishi wa serikali, ana mke na wazee Tanga, msimhukumu haraka.

Na Valeria? Valeria aliogopa. Kwa kitambo kile alimchukia Epifania kwa moyo wote, kwa kuja, kwa kuficha, kwa kulala jikoni kwake na siri kubwa namna ile. Alifikiria watoto wake. Alifikiria kibanda mbele ya mahakama, ambacho alikuwa ameshachagua hadi rangi ya mlango wake. Angeweza kunyamaza. Katibu angemchukua Epifania peke yake, na huenda mashine zingebaki.

Alimtazama Epifania. Epifania hakuwa akimwomba chochote. Alikuwa anafungua kitambaa shingoni na kukikunja vizuri, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Mimi," Valeria alisema.

"Oya, hapana!" Longinus aliruka. Akamshika mkono, akamnong'oneza kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. "Mama Tharsisi, mtu huyu humjui! Jana ulikuwa unamfungia mlango kwa nje, nimekuona!"

"Niachie mkono, Baba Tharsisi."

"Watoto je?"

"Watoto wana mama. Niachie." Akamgeukia Stanislaus, akamtazama usoni. "Mimi nitamdhamini. Lakini nina sharti. Mashine hazitoki humu mpaka kosa lithibitishwe mbele ya kikundi chote, hapa hapa. Si kwa maneno ya kilabuni."

Stanislaus aliinua nyusi. "Hunipangii masharti, Mama."

"Basi tafuta mdhamini mwingine."

Kisha akanyamaza. Alinyamaza kama walivyofundishwa kunyamaza baada ya kutaja bei, bila kucheka, bila kupunguza, bila kuongeza neno la kujaza hewa. Katibu alitazama safu ya kwanza, akatazama ya pili. Hakuna aliyeinua mkono.

"Yemwe, jamani," Rosa alinong'ona, "huyu ndiye Valeria wa maharage?"

"Haya," Katibu alisema mwishowe. "Liandike na sharti lako. Na uliandike vizuri, maana nitalisoma."

Valeria aliketi kwenye mashine yake. Akatia karatasi. Hakufunga kitambaa, lakini hakutazama herufi pia. Alimtazama Katibu huku vidole vikienda. Mimi Valeria, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake cha chapa, Kasulu, ninamdhamini Epifania. Akaandika sharti. Kengele ikalia, akasukuma, akaendelea.

Longinus alisoma juu ya bega lake, midomo ikitangulia.

"Mimi siko humo?"

"Wewe hukumdhamini."

"Lakini huwa mnaandika 'mke wa'..."

"Waliokuwa wakituandikia ndio walioandika hivyo."

Longinus akaisoma tena. Wallahi, wasomaji, nadhani alijivuna kidogo, ila hakujua aionyeshe wapi fahari yake wakati ule.

Valeria aliweka saini. Stanislaus aliisoma karatasi yote, akaupuliza wino, akaikunja mara mbili na kuitia mfuko wa kifuani. Epifania alikuwa amefunika uso kwa viganja. Sasa ndipo alilia, kilio cha kimya cha mabega. Wanawake walianza kusogea kumkumbatia. Imekwisha, walisema, imekwisha, ahsante Imana, Mungu wetu.

"Bado kidogo tu," Katibu alisema.

Alitoka nje hadi kwenye Landrova. Akafungua mlango wa nyuma. Kumbe muda wote ule kulikuwa na mtu humo ndani! Alishuka mzee mrefu, koti la kijivu, kofia mkononi.

"Huyu ni Mzee Ntirampeba," Stanislaus alisema alipomwingiza ndani. "Kiongozi wa wakimbizi wa Kumsenga upande wa mtoni. Nilimfuata jana. Nilitaka kwanza nione kama kuna mtu atasimama, ndipo nimwite. Mzee, kijiji chenu ni kikubwa, huenda hamkutani. Lakini umeniambia Epifania, binti wa Ndihokubwayo, aliyekuwa karani Bujumbura, unamfahamu."

"Ego. Tangu mtoto. Baba yake ni jirani yangu. Nilimsimamia kwenye ubatizo."

Epifania aliondoa viganja usoni.

Mzee Ntirampeba alimsogelea. Akamtazama kwa muda. Hakukasirika. Alionekana kama mtu anayetafuta kitu kwenye chumba ambacho kimehamishwa vyombo.

"Amahoro, mwanangu," alimwambia kwa upole. Kisha akamgeukia Katibu. "Huyu simjui."

"Mtazame vizuri, Mzee."

"Nimemtazama. Uliniuliza kama namfahamu, hukuuliza kama yu hai. Epifania wa Ndihokubwayo alifia njiani kabla hatujavuka Malagarasi. Nilimzika kwa mikono hii."

Longinus alishika mlango ulioegemezwa ukutani, akasahau kwamba hauna bawaba, ukaanguka tena kwa kishindo. Hakuna aliyegeuka kuutazama.

Valeria alimtazama mwanamke aliyelala jikoni kwake, aliyeshika jembe lake, aliyekula sahani moja na watoto wake. Mwanamke yule alimtazama pia, na hakukanusha.

Ndugu Stanislaus aligusa mfuko wake wa kifuani kwa vidole viwili, pale palipokuwa na karatasi.

"Sasa Mama Mwenyekiti," alisema, na safari hii hakutabasamu, "tuambie wewe. Umemdhamini nani?"